Bundi Kwenye Kona ya Kanisa

Picha iliingia kwenye simu nikimenya viazi. Binti yangu Nekesa, anayesoma Ufaransa katika mji wa Dijon, amesimama kando ya ukuta wa kanisa kongwe, mkono wake juu ya ndege mdogo wa mawe. Ndege hana uso tena; vidole vya watu vimemsugua mpaka akawa laini kama sabuni iliyotumika. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti, lakini sikuufungua. Nilimjua ndege yule, ndugu msomaji, ingawa Ufaransa sijawahi kukanyaga.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa fundi wa mawe, mtu wa Bungoma aliyekuja Eldoret kutafuta kazi akazoea baridi yake, na siku hizo alikuwa akitengeneza ukuta wa kanisa letu upande wa Yamumbi. Wakati wa chai padre wetu mzee, Mfaransa, alitufungulia kitabu cha picha za makanisa ya mji aliozaliwa, huo huo Dijon. Nakumbuka paa la vigae vya rangi, limepangwa kama kiondo. Nakumbuka saa iliyogongwa na watu wa chuma, baba, mama na watoto wao, na safu za wanyama wa mawe waliochungulia kutoka juu, midomo wazi. Alipofika kwenye picha ya ndege huyu, bundi wa mawe, padre alimnong'onezea Baba jambo, kisha wote wawili wakaniangalia. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikakihamisha haraka.

Maana mimi ni mashoto. Leo nalisema bila kigugumizi, lakini wakati ule lilikuwa jina langu la kuchekwa. Mama mmoja aliyetufundisha katekisimu alinichapa vidole kila nilipofanya ishara ya msalaba kwa mkono huo. "Hiyo ni mkono ya kupangusa kamasi," alisema, "si ya Mungu." Nikajifunza kuuficha ndani ya sweta, na sweta zangu zote zikavutika upande mmoja.

Padre akaenda likizo kwao. Jumapili moja tulitoka Misa tukakuta watu wamejazana kwenye kona ya kanisa. Baba alikuwa amechonga bundi kwenye jiwe la kona, chini kabisa, kwa kimo changu mimi. Macho mawili ya duara yalituangalia. Sisi nyumbani, bundi akilia karibu na boma, watu humtupia kijinga cha moto ili aende na kifo chake kwingine. Sasa alikuwa amepewa makao kwenye nyumba ya Mungu.

"Fundi, unataka kutumaliza?" aliuliza mama mmoja wa kwaya.

Baba alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. "Kuja umshike, mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita. "Na hiyo mkono yako ya left."

Mbele ya watu wote! Nilidhani ananianika. Watoto wakaangua kicheko, "Bundi na mashoto! Bundi na mashoto!" Nilibana mikono kwapani nikalia kwa aibu, nikatamani ningezaliwa na karani, au mwalimu, au mtu yeyote asiye na tindo. Baba alibaki amenyoosha mkono kunielekea. Kisha akaushusha.

Kesho yake wazee wa kanisa walimwita. Alichukua nyundo na tindo akambandua bundi yeye mwenyewe, na mimi nikasikia kila pigo kutoka nyumbani nikafurahi. Hakulitaja jambo hilo tena, wala hata padre aliporudi sikumsikia Baba akimweleza.

Viazi vilipoiva ndipo nikamsikiliza Nekesa. "Mum, hii owl ni ya bahati. Unaishika, unaomba kitu. Lakini lazima utumie left, ukitumia right haiwork. Nikasema hapa Mum angekuwa wa kwanza kwa line!" Akacheka.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu mimi mjukuu wa Baba aliyaleta mwenyewe, kwa simu, huku anacheka. Niliketi jikoni nikaona haya kuliko siku ile. Kanisa zima, ndani na nje, halikuwa na mahali pa mkono wangu. Baba aliliona hilo, na kwa kuwa si mtu wa maneno, akanichongea mahali hapo kwenye jiwe.

Jumamosi nilimpelekea Baba picha. Nilimpa simu kwa mkono wa kulia, kama mtoto mwenye adabu. Aliisogeza karibu na jicho linaloona, akapitisha kidole gumba juu ya kioo.

"Yangu ilikuwa na macho mzuri," akasema.

Kisha akatazama mkono wangu wa kushoto, uliokuwa ndani ya mfuko wa sweta.

"Bado unaificha?"