Ibada ya Shukrani Ambayo Mungu Hakupewa Kiti

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa na masomo yangu yakaishia darasa la pili. Nikaanza kuswaga ng'ombe wa watu kutoka soko la Ogwedhi hadi Oyugis, kwa miguu. Siku hizi mtoto akitumwa chumvi anaitisha pikipiki.

Nilipokua nikawa na ng'ombe wangu wa kuuza. Msimu mmoja wa mvua mto Kuja ulinibeba. Nilishika mkia wa fahali, maji yameshafika mdomoni, nikasema: Nyasaye, Mungu wangu, ukinitoa hapa nitasimama mbele ya watu niseme ni wewe. Akanitoa. Mimi nikanyamaza zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa na kazi nyingi, kazi ya kutajirika.

Mwaka jana magoti yalianza kunikataa. Nikamwambia mke wangu tufanye ibada ya shukrani, nitimize ile ahadi kabla sijazikwa nayo. Nikachinja dume, nikakodi hema na viti.

Sasa, sisi Wajaluo tuna pakruok. Muziki ukichemka mtu anausimamisha, anajimwagia sifa au anamwagiwa na rafiki, halafu muziki unaendelea. Mahali pake ni kwenye baa. Lakini siku hizi pakruok nayo imeokoka, imevaa joho la kwaya.

Mchungaji wetu aliomba maombi ya kufungua kama mtu anayeachwa na gari. Kutambulisha wageni kulichukua saa nzima. Mwakilishi wadi alisimama, mwenyekiti wa soko alisimama, hata aliyeleta jenereta alisimama akapunga mkono. Kisha kwaya. Ubeti wa kwanza: mwenye ng'ombe wasiohesabika. Wa pili: bwana wa malori ya Isebania. Sijawahi kuwa na lori, nimewahi tu kupanda. Wa tatu ndio ulivuka mpaka: mwamba wetu, kimbilio letu! Mungu alitajwa kwenye kiitikio, kwa sababu ndiye aliyemleta duniani mwenye malori.

Na mimi je? Sitadanganya. Nilisimama nikatikisa mabega. Mpiga kinanda akanyamazisha muziki, akauliza, "Jaduong', mzee wetu, turudie?"

"Rudia hiyo ya malori," nikasema.

Walipomaliza, mchungaji akabariki chakula. Watu wakaanza kuinuka. Mke wangu akaniinamia sikioni.

"Mzee, leo umemshukuru nani?"

"Si watu wameimba?"

"Wamekuimba wewe. Aliyekutoa majini sijaona hata akipewa kiti."

"Nitasema tukishakula."

"Tukishakula watabaki mbwa. Utawahubiria hao?"

Nikaenda mbele. Mchungaji akanishika mkono. "Baba, nyama inapoa."

"Wacha ipoe. Ni ng'ombe wangu."

Kinanda kikaanza kulia taratibu nyuma yangu, vile wanavyofanya ili watu watoe machozi. Nikaamuru kizimwe. Nikasema habari ya mto, mkia, ahadi, na miaka yote niliyomficha Mungu huku nikionyesha watu ng'ombe. Wao wamesimama na sahani tupu, wengine wakinitazama kama mwizi. Mama mmoja wa kwaya hakuvumilia.

"Na malori, baba?"

"Hayo ni yenu. Mmeyanunua leo asubuhi, yapakieni muende nayo."

Wakacheka. Mchungaji hakucheka. Nikaendelea: "Mwamba pia si mimi. Mtu akiegemea hapa ataanguka, na mimi nitaanguka naye. Kwaya ikitamani sana kuniimba, ingoje matanga yangu. Hapa tukikutana ni Mungu anaimbwa, mbele, katikati, na mwisho. Hata kama dume ni langu."

Mtu akaitikia amina. Nafikiri alikuwa na njaa.

Nikaona pia nisimwache Mungu ashukuriwe kwa mali ya wimbo. Nikawatajia alichonipa, na ndicho nilicho nacho hata leo ninapoandika:

Ng'ombe kumi na wanne, mmoja haoni kwa jicho la kushoto.

Mbuzi tisa.

Shamba ekari tatu, nusu ekari ni mawe.

Nyumba ya matofali, vyumba vinne.

Mashine moja ya kusaga mahindi.

Biblia moja ya Kijaluo, naisoma polepole.