Sauti ya Kituo cha Mwisho

Fundi jirani akiranda mbao za mkulo, ile harufu kali kama ya dawa ya kuchua huingia mpaka jikoni, nami nalikumbuka rungu la baba la besiboli, lililochongwa kwa mti huohuo.

Kiwanda cha mbao alikofanya kazi, kule Shume, kilikuwa na timu. Ligi ilichezwa kipupwe tu, na kila mchezaji alilipwa debe la viazi kwa mechi. Timu iliishi misimu minne, kisha kiwanda kikafungwa.

Ukungu ukishuka, mechi haikusimamishwa. Mke au ndugu wa mchezaji alisimama kwenye kituo cha mwisho, ambapo mkimbiaji akifika hupata alama, akamwita, naye akakimbia kufuata sauti.

Siku ya fainali baba aliupiga mpira ukapotelea ukunguni, akatimua mbio. Mama akaita, "Baba watoto, huku!" Mashabiki wa timu ya shamba la chai, watu waliotoka mikoa mbalimbali, nao wakaanza kuita kutoka kila upande, "Baba watoto, huku!" Baba akasimama, haoni kitu. Mama akabadili, akamwita kwa Kishambaa, lugha yetu ya nyumbani. Hilo hawakuliweza. Baba akachomoza kwenye ukungu, amelowa, anacheka. Tukashinda.

Leo asubuhi jua lilikuwa kali. Baba alitoka na fimbo yake, akasimama katikati ya ua.

"Ukungu huu utaondoka saa ngapi?"

"Shikamoo baba. Njoo huku, chai iko tayari."

Hakusogea.

Nikamwita kwa Kishambaa. Akaja.