Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Jamani, leo nimemliza mtu kwa usafi wangu.

Kila mwaka mvua za kwanza zikiotesha majani, nawatoa wageni wachache wasiojua Kiswahili Mbinga mjini, nawapeleka kwenye boma la wafugaji, kule bondeni. Mwaka jana bibi wa boma alinipa maziwa kwenye kibuyu chake. Akasema, "Ukija tena, nirudishie."

Leo nimefika na wageni wanne. Kumbe bibi alifariki kiangazi.

Binti yake, dada Neema, alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko, akasogeza pua, akafumba macho.

Akanusa tena.

"Kaka, umekiosha na nini?"

Mimi mtoto wa wakulima wa kahawa, najibu kwa fahari: "Sabuni na maji ya moto, dada. Mara tatu."

Wenzetu wafugaji vibuyu hawavioshi kwa sabuni. Wanavifukiza kwa moshi wa kuni, harufu ikabaki ndani, na hiki bibi alikifukiza mwenyewe.

Hakunigombeza. Machozi tu.

"Vingine vyote tumeshavifukiza upya," akasema. "Nilijua humu bado nitamkuta mama."

Wageni wakaniuliza amesema nini.

Mpaka sasa sijawatafsiria. Nyie mngewaambiaje?