Vitambaa vya Nta kwa Mtu wa Darini

Askari waasi waliochukua sebule yetu mtaani Muhumba hawakujua kwamba mtu waliyekuwa wakimtafuta analala juu ya vichwa vyao. Mume wangu alikuwa akiendesha fonia, ile redio ya kuitia watu wa mbali, katika ofisi ya kanisa, na waasi walipouteka mji waliamini kila mwenye fonia anampasha adui habari. Wenzake wawili walichukuliwa, hatukuwaona tena. Yeye alipanda darini kupitia tundu la chumba chetu cha kulala. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa na bunduki. Jembe ningempa nani?

Taabu ilikuwa chakula. Mfuko wa plastiki ulipiga kelele kila alipoufungua, na jani la mgomba likikauka ni kelele zaidi. Nikafunga bugali na sombe, kisamvu chetu cha mawese, kwa kitambaa kitupu, mawese yakapenya mpaka kwenye mbao za dari. Asubuhi nikaona doa jekundu juu ya kiti cha kamanda wao. Nilimwambia ni kutu ya mabati. Alilitazama, akanitazama mimi, akaendelea kunywa chai yangu.

Mama mkwe ndiye aliyeleta dawa. Alitembea kutoka kijiji cha Miti na bonge la nta ya nyuki alilolificha ndani ya kikapu cha maharagwe. Tulichana shuka langu la pamba, tukakwangua nta juu ya kila kipande, tukadondosha mafuta kidogo ili isivunjike ikipoa, tukafunika kwa gazeti na kupitisha pasi ya makaa mpaka nyuzi zikainywa nta yote. Kitambaa cha namna hiyo kinashika umbo unalokipa, hakipigi kelele, hakivuji. Ukikiosha kwa maji baridi kinatumika tena. Askari mmoja alipoiona pasi akaniletea suruali yake. Niliipiga kwa hasira, nikamwachia mikunjo nyuma makusudi.

Tuligombana jambo moja tu, mimi na mama mkwe. Nta ilikuwa bado na asali, nami nilitaka tuichemshe na kuichuja kwanza.

"Haraka haraka haina baraka, mama," nilimwambia.

"Mutoto wangu iko na njaa kule yulu," alijibu, akionyesha juu darini. "Asali kidogo itamufanya nini?"

Kwanza walikuja nyuki wachache, wakaingia chini ya mabati. Kesho yake wakaja wengi mno, mvumo ukasikika hadi sebuleni. Yule mwenye suruali akacheka, akapanda kwenye benchi na kuanza kugonga dari kwa kitako cha bunduki.

"Maman, huku yulu iko asali! Munatunyima!"

"Acha, shefu, zitakuuma," nilisema.

Ubao ukavunjika, tundu la ukubwa wa ngumi, nyuki wakamiminika. Askari wa sebuleni walikimbilia barabarani wakipiga mayowe. Darini hakukutoka hata mguno, na kimya hicho kiliniogopesha kuliko mayowe yao. Nilidhani amekufa.

Mimi na mama mkwe tulikimbilia chumbani. Kifuniko cha tundu kikafunguka, mume wangu akashuka. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na kati ya meno alikuwa amebana kitambaa cha nta. Mama yake akaanza kumng'oa miiba kwa kucha.

"Lia, papa," alimnong'oneza, kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe. "Lia sasa. Walishakimbia."

Alitikisa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea sebuleni. Bunduki ilikuwa imebaki juu ya benchi. Hakuna askari anayeisahau bunduki yake muda mrefu, na uani walikuwa wamejaa wenzake. Hapakuwa na pengine pa kupita. Akarudisha kitambaa mdomoni, akapanda juu ya kitanda.

Mama yake alimshika mguu kwa mikono miwili. Ilinibidi nimbandue mama vidole kimoja kimoja. Sijawahi kuchukia watu kama nilivyowachukia askari wale saa hiyo. Buti zikasikika barazani. Nilisukuma kifuniko kwa mpini wa ufagio mpaka kikakaa sawa, yeye na nyuki wake huko juu, kisha nikaenda sebuleni, nikaichukua ile bunduki na kumpelekea mwenyewe mlangoni, asipate sababu ya kuingia.