Nyumba Iliyosamehewa Msaragambo

Matokeo yalisikika redioni asubuhi, na kabla ya adhuhuri watu walianza kupanda kwetu kama wanaokuja msibani. Wanawake walivua viatu mlangoni wakakaa mkekani. Waliokuja na maziwa walimkabidhi mama mkubwa bila kusema ni ya nini. Wanaume walimshika baba mkubwa mkono, wakasema, "Pole, Mheshimiwa," wakatazama sakafu.

Baba mkubwa ndiye aliyenilea. Alikuwa mbunge wetu tangu uhuru, na sasa alikuwa ameshindwa, tena vibaya, na mwalimu wa shule ya msingi kutoka ng'ambo ya bonde.

Kura ni siri, lakini kwa jinsi alivyoangushwa, wengi wa waliokaa sebuleni mwetu lazima walikuwa wamemnyima. Kila kikombe alichopewa alikitazama, kisha akautazama mkono uliokileta. Hakunywa. Watu walipoondoka, vikombe vyake vilibaki vimejaa kando ya kiti, na maziwa yalikuwa yamefanya utando.

"Nataka kujua nimewakosea nini," aliniambia. "Nikijua, nitakaa nao. Nisipojua, ndani ya nyumba hii siwezi kulala."

Hakulala kweli. Nilimsikia akitembea ukumbini, akisimama dirishani kila mbwa alipobweka. Mimi nilikuwa nimetoka tu chuo kikuu Dar es Salaam, nangoja kupangiwa kazi, na niliona ni wajibu wangu kumpatia jibu. Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. Wagombea wote wawili walizungushwa kwa Landrova moja, wakahutubia kwa zamu, na kila mahali baba mkubwa alisema vizuri zaidi. Alama yake ilikuwa jembe, ya mwalimu nyumba. Labda jembe liliwakumbusha uchovu? Labda ni habari za watu kuhamishiwa tambarare, kwenye vijiji vya ujamaa? Lakini mwalimu naye alizisema hizo hizo. Labda ni mimi, nilivyovaa tai kwenye mkutano.

Juma lililofuata baragumu lilipigwa la kuita watu msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Safari hii ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa linalokusanya maji ya mfereji kwa ajili ya mashamba. Nilichukua jembe nikaenda. Nilitumaini kusikia lolote.

Nilipofika, mazungumzo yalikatika.

"Mheshimiwa mdogo amekuja kutukagua," jirani yetu mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliwaambia wenzake.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kufanya kazi."

"Marahaba, baba. Kaa pale kivulini, utachafuka." Akanitoa jembe mkononi, taratibu, kama anayempokea mgeni mzigo.

Nilijiuliza kama kumnyang'anya mtu mzima ni utovu wa adabu. Nilipomaliza kujiuliza, alikuwa ameshaanza kulimia.

Mzee aliyekuwa ndani ya tope alinionea huruma. "Nyumba yenu tuliisamehe zamani," alisema.

"Baba mkubwa aliomba?"

"Hakuomba. Alipochaguliwa mara ya kwanza alikuja na jembe lake. Tukamwambia, wewe una kazi ya taifa, rudi. Akashukuru, akarudi."

"Sasa kosa liko wapi, mzee?"

"Nani kasema kosa? Tulingoja akatae."

"Na angekataa?"

"Tungemnyang'anya jembe, naye angeturudia kulichukua, tungevutana, tungecheka, halafu tungelima wote. Ndivyo mtu anavyoambiwa hapa kwamba anaheshimiwa."

"Yule mwalimu alipokuja msaragambo juzi kateleza hapo," mama akadakia, "kaingia mpaka kiunoni. Tumemcheka hadi leo. Maneno yenyewe hajui kuyapanga, maskini."

"Baba yako mkubwa tunamheshimu," mzee akasema. "Lakini huko Dar akisimama aseme 'sisi', anamaanisha nani?"

Hawakusema kwa uchungu. Hilo ndilo lililonitia baridi. Wale waliokaa mkekani kwetu hawakuwa wanafiki. Walikuja kumlilia mtu ambaye kwao alikuwa ameondoka siku nyingi.

Nilimweleza baba mkubwa jioni hiyo, uani.

"Nilidhani walikuwa wananipenda," alisema.

"Walikupenda, baba."

Mama yule jirani akapita njiani, amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe, amelowa matope mpaka magotini. Baba mkubwa aliinuka upesi, akamwendea, akaushika mzigo.

"Leta nikusaidie, mama."

"Aa, Mheshimiwa, acha."

"Leta," alisema, na akavuta.

Nilisimama. Nilitaka avute tena kidogo, mama naye avute, mmoja wao acheke. Mama alimtazama usoni, na tabasamu lake likaondoka. Akauachia mzigo palepale, kama mtu aliyeamriwa, akarudi nyuma hatua moja, mikono ameifumbata mbele.

"Asante, Mheshimiwa," alisema.

Wakatembea hivyo hadi kwake, baba mkubwa mbele na majani kichwani, mama nyuma, kimya. Kabla ya mvua za vuli baba mkubwa alikuwa amehamia Same mjini.