Sidiria ya Kuhimili Ngoma

Nilichokiona kwanza kwa Sunnvør ni kwamba hakujua kusimama tuli. Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha samaki pale Klaksvík, nikiwa nimetoka chuoni juzi tu, nilimkuta akingoja maji ya kahawa yachemke huku miguu yake ikienda yenyewe: mbili kushoto, moja kulia. Wenzake walimpita bila kumtazama. Kwetu visiwani Faroe mtu wa namna hiyo hashangazi. Hatua hizo za ngoma yetu ya duara tunazipata kabla ya meno.

Sunnvør anakata minofu ya samoni, anaimba kushinda mashine, na Jumamosi hii anaolewa na Høgni, kijana wa kisiwa cha Sandoy. Ndugu wa Høgni wamejigamba kwamba wanao utenzi mrefu ajabu wa kuimbwa katika ngoma ya harusi, watu wote wakiwa wameshikana mikono, na kwamba bi harusi wa Klaksvík atachoka kabla haujafika katikati. Binamu wa Sunnvør aliwahi kuaibika kwenye harusi yake: gauni lilimteleza kifuani, akatoka mbio kwenye duara, na mpaka leo watu wanamkumbusha. Sunnvør ameapa kucheza mpaka ubeti wa mwisho.

Tatizo ni kwamba gauni lake nalo linaacha mabega wazi. Kwa hiyo wiki jana yeye, mama yake Marjun na mimi tulikwenda kwenye duka la nguo za ndani la Oluffa, kutafuta kitakachovaliwa chini yake. Gauni lenyewe alilibeba kama mtoto mchanga.

Kwanza alichagua sidiria ya lesi isiyo na mikanda, nyepesi kama povu. Alipotoka nyuma ya pazia, gauni likiwa juu yake, Marjun alijiziba mdomo.

"Mwanangu! Umependeza mpaka basi."

"Kupendeza baadaye, mama. Njooni mnishike."

Nilimshika mkono mmoja, mama yake akashika wa pili na kuanzisha utenzi. Ngoma yetu haina ala yoyote, ni sauti na vishindo vya miguu tu. Hatukumaliza hata ubeti.

"Inashuka! Barba, niachie mkono!"

"Sikuachii," nilimwambia. "Jumamosi nani atakuachia? Shemeji zako wa Sandoy?"

Alijikunyata, akainua mabega, akajinyonganyonga. Wapi! Lesi ilikuwa imeshuka mpaka mbavuni, na gauni lilikuwa linaifuata.

Oluffa, machozi ya kicheko yakimtoka, alileta korseti ya kufunga kwa kamba. Akamkaza barabara. Safari hii hakuna kilichoteleza, lakini kibwagizo kilipofika Sunnvør alifungua kinywa ikatoka pumzi tu.

"Mbona bi harusi kanyamaza?" Oluffa aliuliza.

"Siwezi... kuvuta..."

"Bi harusi bubu!" Marjun alisema. "Hao watu watasema tumewapa mbovu. Mfungue, Oluffa, kabla hajazimia."

Oluffa aliingia stoo. "Ninayo nyingine," alisema kutoka humo ndani, "ila usinune."

Ilikuwa sidiria ndefu ya kufika kiunoni, rangi ya ngozi, kitambaa kizito, yenye vijiti laini ubavuni na safu ya kulabu mgongoni.

"Hiyo si ya bibi kizee?" Sunnvør aliuliza.

"Ya bibi aliyecheza mpaka kunakucha."

Sunnvør aliitazama lesi pale mezani, uso ukamwiva. "Na Høgni akiiona hii?"

"Akiiona, ngoma itakuwa imeshakwisha," mama yake alijibu. "Na yeye atakuwa hoi, haoni kitu."

Tulicheka mpaka wateja wawili wakaja kuuliza kuna nini. Hao nao tuliwashika mikono. Mnyororo wetu ukapita katikati ya nguo za kulalia, ukazunguka meza, sakafu ikivuma chini ya viatu, na Sunnvør akaimba kibwagizo kwa sauti yake yote. Alirusha miguu. Aliruka kabisa.

"Haijasogea! Tazameni, haijasogea!"

Alikataa kuivua. Aliondoka nayo chini ya sweta, eti izoee mwili. Lesi pia aliichukua, na mama yake akajifanya ameona kitu dirishani.

Leo ni Ijumaa. Ukumbi umefagiliwa, meza zimesukumwa ukutani, na tangu mchana magari ya Sandoy yanaingia moja moja. Sunnvør na mimi tulikuwa mlangoni tukifunga maua lilipopita gari la kaka mkubwa wa Høgni, limefungwa kiti cha jikoni juu ya paa, kimepambwa riboni. Alishusha kioo.

"Shemeji! Tumekuletea pa kupumzikia!"

"Kiwekeni karibu na duara," Sunnvør alimjibu, mikono kiunoni. "Kesho tutajua nani atakaa!"