Chuma cha Reli

Nalipwa kuwafundisha walimu watarajiwa jambo ambalo nyani wa barabara ya Mikumi wanalijua bila ada. Basi likifunga breki, wanatoka porini mate yakiwadondoka, kabla hata ganda la ndizi halijarushwa. Mate kutoka mbele ya chakula ni maumbile. Mate kutoka kwa mlio wa breki ni mazoea: mlio umeandamana na chakula mara nyingi mno, mwili umeshindwa kuvitenganisha. Wanafunzi wangu huwacheka sana wale nyani. Nami niliwacheka, mpaka ule mkutano wa kijijini kwetu, mbele kidogo ya kituo cha reli cha Munisagara.

Mwenyekiti wetu wa kijiji ni mwalimu mkuu mstaafu aliyetusomesha karibu wote. Alipostaafu aliiacha shule lakini hakuiacha kengele yake, kipande cha chuma cha reli, akakitundika nje ya ofisi ya kijiji. Enzi zake, kikilia tulisimama wima, mikono nyuma, na wa mwisho kusimama alichapwa. Chuma hakimuumizi mtu. Ila kilitangulia fimbo kila siku, hadi tukawa tunakakamaa kwa mlio tu, fimbo ingali kabatini.

Sasa aliitaka bustani ya mama yangu kando ya mto, eti iwe ya kijiji. Kijiji maana yake ng'ombe wake wapate pa kunywea. Mama ni mjane, analima mchicha na nyanya pale, na hana shamba lingine.

Majirani wote waliapa kukataa. Mimi mtaalamu nikawapa mhadhara mzima barazani: akigonga chuma, bakini mmekaa. Walicheka, wakaniuliza kama nadhani wao bado watoto.

Siku ya mkutano, pale nje ya ofisi ya kijiji, aliomba wanaokubali wasimame. Hakuna aliyejitikisa. Nilifurahi, nikajiona mwalimu kweli. Ndipo akakisogelea kile chuma, akagonga.

Mkutano mzima ukainuka. Aliinuka babu mwenye wajukuu, akainuka fundi baiskeli, akainuka kaka yangu na simu sikioni. Mtaalamu wa saikolojia naye huyo, wima kama mlingoti wa bendera. Mtendaji wa kijiji akaanza kutuhesabu upesi upesi.

Mama peke yake alibaki kwenye mkeka. Hakupata kwenda shule hata siku moja, kwa hiyo alichosikia yeye ni chuma kimegongwa, basi. Alitutazama kwa huruma, akatuambia tukae. Tukakaa kwa aibu.

"Mwalimu," alisema, "gonga tena."

Naye, ambaye maishani mwake hajawahi kuombwa kugonga akakataa, akagonga. Makalio yakanyanyuka tena kwenye mabenchi, mengine nusu, mengine yote.

"Hawa hawajakubali," mama alisema. "Wameogopa."

Watoto waliokuwa wakichungulia kwenye kona ya ofisi ndio waliocheka kwanza, kisha kikacheka kijiji kizima. Mwenyekiti akaahirisha mkutano. Hoja ile hajairudisha hadi leo, na mchicha bado tunakula.

Tulirudi kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma yake nikimweleza kitaalamu kilichotokea pale, kwa istilahi zake zote. Mlangoni aligeuka, akanitazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, toa mikono mgongoni," alisema. "Tumeshafika nyumbani."